Doa la Upande wa Kushoto

Kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia getini kama wanaofukuzwa. Macho alikwenda upande mwingine. Alipita nyuma ya madarasa, akalizunguka tangi la maji, akausukuma kwa bega mlango mzito wa chumba cha sanaa. Ndivyo alivyofanya kila siku ya masomo tangu muhula uanze. Alitandika gazeti mezani, akavipanga vitu vyake: penseli, ufutio, chupa ya wino, brashi, kalamu ya nibu na kitambaa cha kuifutia. Kisha, kabla ya kuketi, alivikagua kimoja kimoja aone kama kuna mtu aliyevigusa.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa jina. Shuleni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Macho. Chaki ikipotea, Macho ndiye wa kwanza kuulizwa. Penseli ya mtu ikifupika ghafla, Macho anajua nani kaichonga, lini, na kwa wembe wa nani. Mwenyewe alilipenda jina hilo, tena alilipenda kupita kiasi. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili tu, lakini aliamini kabisa kwamba hakuna jambo linaloweza kumpita.

Mwalimu wa sanaa alikuwa mwanamke mfupi wa kimo na mrefu wa sauti. Kabla ya kufundisha alichora picha za vitabu vya shule kwa miaka mingi, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na weusi ambao mbele yake sabuni ilikwisha kusalimu amri. Muhula huo alikuwa na habari kubwa. Shule ingechapisha kitabu cha hadithi zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe, na jaladani ingewekwa picha moja ya wino.

"Moja tu," alisema, kidole kikiwa juu. "Ijumaa saa nane mchana naipeleka kwa mpiga chapa. Itakayokuwa haijakamilika saa nane, ibaki mezani. Mpiga chapa hapokei maelezo, anapokea picha."

Wanafunzi waliokuwa wakichora walikuwa watano, lakini wawili waliwaacha wenzao mbali. Mmoja alikuwa Macho. Wa pili alikuwa mvulana aliyeketi naye meza moja, Shoto. Aliitwa hivyo kwa sababu alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na madaftari yake yalimshtaki: kila ukurasa ulikuwa na ukungu wa wino, maana kiganja chake kilipita juu ya kila alichokwisha kuandika. Walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Siku hizo, hata hivyo, urafiki ulikuwa umeanza kuingia mchanga. Kila mmoja alichora huku jicho la pembeni likiwa kwenye karatasi ya mwenzake.

Shoto alimchora mjomba wake, fundi baiskeli, akinyoosha gurudumu. Macho alimchagua mama yake, fundi cherehani, aliyefanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kwa siku mbili alikaa kwenye kiti kifupi akimtazama akishona, na kuchora vijipicha sita, kila kimoja saizi ya kiberiti.

"Utanichora hivihivi, na nywele zimesimama?" mama aliuliza bila kuacha kukanyaga pedali.

"Usigeuke, mama. Nakuomba."

"Sigeuki. Ila hiyo pua uiangalie. Nimerithi kwa bibi yako na inatosha, usije ukaniongezea."

Kati ya vile sita, Macho alichagua kimoja. Cherehani ilikuwa kushoto kabisa, ukingoni mwa karatasi. Katikati alikuwapo mama, ameinama, vidole vikiongoza kitambaa chini ya sindano. Nyuma yake, upande wa kulia, lilionekana dirisha. Akakikuza kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida, akafuta, akachora tena, akafuta, mpaka karatasi ikachoka. Kisha Mwalimu akampa karatasi nzito ya kazi yenyewe. Karatasi hizo zilihesabiwa: kila mtu moja, na haikuruhusiwa kutoka nje ya chumba. Macho aliweka ile nzito juu ya ile nyepesi, akazibana zote mbili kwenye kioo cha dirisha, na mwanga wa nje ukapitisha mistari ya chini ije juu. Akaifuata kwa penseli, taratibu, kama anayemtembelea mgonjwa.

Baada ya penseli ulikuja wino, na kwenye wino Mwalimu hakuwa na mzaha.

"Nibu huvutwa, haisukumwi," alisema akizunguka meza. "Ukiisukuma itaing'ata karatasi na kukutemea. Mstari ukikataa, geuza karatasi, usigeuze shingo. Chini ya kiganja pawe na kipande cha karatasi safi, siku zote, hata ukiota unachora. Na weusi mpana msiuamini. Juu unaweza kukauka, kumbe ndani bado."

Jumatatu Macho alikamilisha mistari ya nje. Jumanne alifuta penseli, akaijaza cherehani weusi kwa brashi mpaka ikatulia mahali pake, nzito na ya kung'aa. Alisubiri kidogo. Kulikuwa na baridi, akavuta mikono ya sweta mpaka kwenye vifundo vya vidole, kisha akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote: mistari myembamba ya kivuli kwenye mikunjo ya gauni la mama. Aligeuza karatasi huku na huku kama alivyofundishwa, na mistari ikamtii. Alizama kabisa. Mlinzi alipogonga mlango na kutikisa funguo, Macho alishtuka, akakurupuka kuziba chupa ya wino, akaitelezesha picha kwenye rafu yake kabatini, akatoka mbio. Rohoni alijua kwamba jalada lilikuwa lake.

Jumatano alifungua kabati na kuivuta picha nje.

Juu ya cherehani weusi ulikuwa umekwanguka. Kutoka hapo ulianza mburuzo mpana, wa kijivu na weusi, ukapita juu ya kitambaa na kuishia kwenye vidole vya mama. Vile vidole vilivyomchukua saa nzima kuvichora havikuonekana tena kama vidole. Vilikuwa bonge la masizi.

Hakupiga kelele. Mtu mwingine angelia. Yeye alifunga mlango wa kabati polepole, akainamia meza, na kuanza kuwatazama waliomo. Nani alikuwa na furaha kupita kawaida? Nani alikwepa kumwangalia? Msichana mmoja alikohoa, Macho akamwekea alama moyoni. Mwingine alicheka peke yake dirishani, akawekewa alama mbili. Alikagua viganja vyao walipokuwa wakinyoosha mikono, lakini kumtafuta mwenye wino mkononi katika chumba cha wino ni kazi bure. Alimtilia shaka hata Mlinzi, kwamba huenda alifungua kabati akitafuta mahali pa kuficha chupa yake ya chai.

Ndipo akaitazama picha tena, na akili ikafunguka. Mtu anayechora kwa mkono wa kulia, kiganja chake hukaa kulia kwa kalamu. Cherehani ilikuwa ukingoni kabisa, kushoto, na zaidi ya hapo hakukuwa na karatasi. Kiganja cha mtu wa kulia kingefikaje juu ya cherehani? Angekuwa anachora nini, hewa? Kiganja kilichokaa pale kilikuwa kushoto kwa kalamu. Katika chumba kizima kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye kiganja cha namna hiyo.

Macho aligeuka. Shoto alikuwa akiutazama mlango. Alipoona anatazamwa, aliuvuta mkoba wake chini ya kiti na kuubana kwa miguu.

"Umebeba nini?" Macho aliuliza.

"Vitabu."

"Mbona umevikalia kama kuku?"

"Nina haki ya kukaa na mkoba wangu," Shoto alijibu, na sauti ikamkatika katikati.

Hiyo ilimtosha Macho. Aliichukua picha, akaipeleka mbele, akailaza mezani kwa Mwalimu na kueleza yote: kiganja, ukingo, upande wa kushoto. Alieleza vizuri mno, kama wakili. Mwalimu aliinama, akatazama muda mrefu, paji la uso likijikunja. Kisha akamwita Mlinzi.

"Jana baada ya kufunga, kuna mtu alirudi humu?"

Mlinzi alijikuna kidevu. "Alirudi huyu kijana wa mkono wa kushoto, mwalimu. Aliniomba funguo, akasema kasahau wino wake. Akakaa ndani dakika tano hivi. Alipotoka alikuwa ametia kitu ndani ya shati, anatembea amekakamaa kama askari wa gwaride."

Wote wakamgeukia Shoto.

"Ulitoka na nini?" Mwalimu aliuliza.

Shoto aliubana zaidi mkoba kwa miguu. Masikio yalimwiva. "Picha ya Macho sikuigusa," alisema hatimaye. "Wallahi sikuigusa."

"Sikukuuliza hilo. Ulitoka na nini?"

Shoto alikuwa akitazama viatu vyake, na machozi mawili yakadondoka sakafuni. Mwalimu alishusha pumzi. Alisema kwamba mpaka ukweli ujulikane, Shoto asiingie chumba cha sanaa, na picha yake haitapelekwa popote. Shoto aliuokota mkoba, akaukumbatia kifuani, akatoka bila kumtazama mtu. Macho alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Moyoni alisikia utamu, na chini ya utamu huo kulikuwa na kitu kidogo kilichomkera, lakini hakukijali.

"Yako inaweza kuokolewa," Mwalimu alimwambia. "Rangi nyeupe itafunika mburuzo, kisha vidole uvichore upya juu yake. Una kesho nzima."

Habari hazikukaa chumbani. Alhamisi asubuhi shule nzima ilijua. Shoto alipopita, wanafunzi walifunika madaftari yao kwa mikono, wakicheka. Mmoja alimwita Bwana Mburuzo, na jina likashika kabla ya mapumziko. Wakati wa chakula alikaa peke yake kwenye ngazi za nyuma. Macho alimwona kutoka mbali. Alijiambia kwamba aliyetenda sharti avune, akageuza uso, akaenda kuchora vidole vya mama. Jioni vilikuwa vimerudi, vizuri kuliko vya kwanza. Wale wengine watatu hawakuwa na picha ya kumtisha mtu. Jalada lilikuwa lake bila ubishi.

Nyumbani alimkuta mama uani mbele ya beseni la maji ya sabuni.

"Lete hilo sweta," mama alisema. "Kesho unakwenda kupokea sifa, huwezi kwenda na sweta linalonuka moshi. Nimeshawaambia wateja wote. Yule mama wa mapazia anasema akiniona kwenye jalada nimpe kitabu na sahihi."

Macho alicheka, akavua sweta. Mama alilipokea, akalikunjua, na ghafla vidole vyake vikasimama. Mama huyo alikuwa ameanza kuchoka macho, lakini vidole vyake havijawahi kudanganywa na kitambaa.

"Hapa pana nini?" Alisugua pindo la mkono wa kulia kati ya kidole gumba na cha shahada. "Pamekakamaa kama pamepakwa gundi. Njoo uguse."

Sweta lilikuwa la bluu iliyokoza, na kwa kutazama tu hakuna ambacho kingeonekana. Macho alipogusa, alisikia sufu ngumu, kavu, kutoka kwenye pindo mpaka karibu nusu ya mkono, upande wa kidole kidogo. Alilipeleka kwenye mwanga. Ndani ya bluu kulikuwa na weusi mpana.

"Ni wino," mama alisema. "Mwingi hivi? Uliulalia?"

"Sijui, mama. Nipe dakika moja."

Aliingia ndani na sweta lake. Alichukua daftari, akachora mstatili kushoto ukingoni uwe cherehani, na duara katikati awe mama. Aliuweka mkono wa kulia juu ya duara, mahali pa gauni. Kiganja kilikuwa mbali kabisa na cherehani. Hivyo ndivyo alivyomweleza Mwalimu, na moyo ukamtulia. Lakini ile mikunjo ya gauni ilishuka kwa kupinda, na nibu haisukumwi. Jumanne aliigeuzaje karatasi?

Aliligeuza daftari, juu ikawa chini. Cherehani ikahama kutoka kushoto kwake ikaja kulia kwake. Alipouweka tena mkono juu ya duara, kiganja na pindo la sweta vililala sawasawa juu ya cherehani, kama kifuniko juu ya sufuria. Na Jumanne chini ya kiganja hakuweka karatasi. Alikuwa na haraka. Alikumbuka vizuri sasa kwamba Mlinzi alipogonga, yeye alikurupuka kufuata kizibo cha wino kilichokuwa kushoto kwake, na mkono ukapita wote juu ya picha.

Kwa hiyo hapakuwa na adui. Siku mbili alikuwa amemsaka mtu aliyevaa sweta lake mwenyewe.

"Mwanangu, maji yanapoa!" mama aliita kutoka uani.

Macho alitoka, akasimama juu ya beseni. Sabuni ilikuwa imeumuka povu jeupe. Hakuna mtu aliyejua. Mama hakujua doa lina maana gani, na akilisugua vizuri, kesho hata Mwalimu asingejua. Picha ilikuwa tayari. Mama wa mapazia alikuwa anasubiri kitabu. Macho aliushusha mkono wa sweta mpaka ncha yake ikagusa povu. Ndipo akamkumbuka Shoto kwenye zile ngazi, anakula huku ameupa uwanja mgongo, akauinua mkono wa sweta.

"Usilifue, mama," alisema, na kulia kukamshika. "Kesho nalihitaji likiwa hivihivi."

Mama aliiacha sabuni, akafuta mikono kwenye kanga, akamketisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho alipofika mahali pa jalada, ilionekana wazi kwamba limemuuma mama.

"Basi nitawaambia wateja nilikosea siku," alisema. "Sura yangu naiona kwenye kioo bure. Wewe nenda kamrudishie mwenzako sura yake."

Ijumaa kabla ya kengele ya kwanza, Macho alimkuta Mwalimu akifungua chumba cha sanaa. Hakusalimia kwa urefu. Alitoa picha kabatini, akailaza mezani juu ikiwa chini, akavaa sweta, akauweka mkono kwenye gauni la mama. Kisha akaugeuza mkono wenyewe ili Mwalimu aguse pindo.

Mwalimu aligusa. Aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, kilichokuwa kifupi hata kwake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama tu."

"Sweta hili lingefuliwa jana, mimi ningejuaje?"

"Usingejua, mwalimu."

Mwalimu alizitazama alama mbili za weusi kwenye vidole vyake. "Hata mimi niliitazama picha upande mmoja," alisema. "Miaka yote hii ya kugeuza makaratasi! Nilimfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya hotuba nzuri. Twende darasani. Utasema wewe, halafu nitasema mimi."

Macho alikuwa amefikiri kwamba kusema mbele ya Mwalimu ndiyo kazi ngumu. Kumbe ile ilikuwa mazoezi. Darasa lilikuwa limejaa, na Shoto alikuwa dawati la nyuma kabisa, peke yake. Macho alisimama mbele.

"Picha yangu niliiharibu mimi," alisema. "Kwa sweta langu. Shoto hakuigusa. Nilimsingizia, na nilimsingizia mbele ya watu, kwa hiyo namwomba radhi mbele ya watu. Na hilo jina mlilompa, lisitumike tena. Kama lazima liitwe, niiteni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu naye alisema lake, kwamba alihukumu haraka, na akamwomba Shoto msamaha kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Shoto alisimama taratibu. Uso wake ulikuwa unabadilika kila mara, kama asiyejua auvae upi.

"Na mimi nina langu," alisema. "Jumanne nilimwaga wino kwenye picha yangu. Niliona aibu. Nikarudi nikachukua karatasi nzito ya pili bila ruhusa, nikaitia ndani ya shati. Ndiyo maana sikuweza kusema. Nimechora upya nyumbani."

Aliufungua mkoba, akaitoa. Gurudumu la baiskeli lilijaa karatasi nusu nzima, na nyuma ya waya zake uso wa mjomba ulionekana ukichungulia, jicho moja limefinywa. Waya zilikuwa nyingi, nyembamba, na hakuna hata moja iliyotetereka. Mkono wa kushoto ulikuwa umechora yote hayo bila kuacha ukungu popote. Macho aliitazama na kusikia wivu ukimchoma. Akautazama huo wivu pia, safari hii bila kuupa jina la mtu mwingine.

"Kuchukua bila ruhusa ni kosa," Mwalimu alisema. "Wiki ijayo utafagia chumba cha sanaa kila siku. Lakini hapa pembeni weusi haujajazwa, na penseli bado inaonekana. Sasa ni saa mbili na nusu. Una mpaka saa nane. Nenda."

Shoto alitazama mlango, akamtazama Macho. "Penseli ni nyingi," alisema kwa ubaridi. "Anayejua kufuta bila kukwangua wino aje anisaidie."

Walifanya kazi mapumziko yote mawili na saa nzima ya michezo, kwa maneno machache. Shoto alijaza weusi, Macho akafuta penseli upande uliokwisha kukauka, akipuliza vumbi la ufutio pembeni. Saa saba na nusu Mwalimu aliziweka picha mbili ubaoni, akarudi nyuma hatua tano, akatazama. Ya Macho ilikuwa nzuri. Ya Shoto ilikuwa na pumzi ndani yake. Macho aliliona hilo kabla Mwalimu hajasema.

"Ya baiskeli itakuwa jaladani," Mwalimu alisema. "Ya cherehani nitamwomba mpiga chapa aiweke ndani, kama nafasi itapatikana. Siahidi."

Alipokuwa akizifunga picha zote mbili kati ya kadibodi, alimwita Macho karibu.

"Binti, nataka uondoke na neno moja," alisema. "Dalili zako zote zilikuwa za kweli. Doa lilikuwa la kweli, Mlinzi alisema kweli, na Shoto alikuwa akificha kitu kweli. Bado jibu lako lilikuwa la uongo, kwa sababu katika hesabu yako ulimweka kila mtu ila wewe. Siku nyingine ukitafuta nani kaharibu kitu, anza kujiuliza wewe mwenyewe ulikuwa wapi na ulifanya nini. Ukishajihoji vizuri, huenda usimhitaji mshitakiwa mwingine. Na jana ulipozuia sweta lisifuliwe, ulifanya kazi bora kuliko picha yako. Hiyo nayo uijue."

Mwalimu alitoka na kadibodi zake kwapani. Macho na Shoto walisimama dirishani wakamwona akipita getini, anatembea haraka kwa miguu yake mifupi.

"Ungenyamaza, ingekuwa yako," Shoto alisema.

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua hilo pia."

Shoto alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, ingawa adhabu yake haikuwa imeanza. Alifagia vumbi la ufutio kutoka chini ya meza yao mpaka katikati ya chumba. "Jumatatu labda hasira zitakuwa zimepungua," alisema.

Macho aliinama, akamshikia kizoleo cha taka. "Basi nitangoja mpaka Jumatatu," alisema.